Muulize Mwalimu: Hizi video za wanafunzi ni somo au ni mchezo?

Mwezi uliopita niligusia aya mbili tu kuhusu walimu wanaowapa wanafunzi simu warekodi wenyewe wakielezana masomo, aya mbili jamani, na barua zilizokuja mhariri kanipigia kuuliza nimefanya nini. Wengine wamepongeza, wengine wamegomba, na mmoja ameuliza kama nimelipwa na kampuni za simu (sijalipwa, ila wakitaka namba yangu anayo mhariri). Basi leo ukurasa mzima ni huo huo. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba na barua ndefu nimezikata.

SWALI: Habari za kazi mwalimu mwenzangu. Nafundisha Fizikia kidato cha pili, sekondari ya kata huku Singida. Darasa lina wanafunzi 84, maabara hakuna, kuna chumba tu kimeandikwa maabara mlangoni. Simu janja ni hii yangu moja na kioo kimepasuka. Nilimgusia mkuu wa shule habari ya video akacheka, akasema wataigiza tu na mada hazitaisha. Je hiki kitu kinafundisha kweli au ni mbwembwe? Na kama kinafundisha, naanzaje na simu moja? — Mwalimu wa Fizikia, Singida

JIBU: Ndugu yangu, mkuu wako ana hoja, usimdharau. Video nyingi ninazotumiwa na walimu ni maigizo kweli, watoto kumi wamejipanga mstari wanasoma karatasi kwa ile sauti ya risala ya mahafali, muziki umefunguliwa juu hata maneno husikii, alafu mwisho wote kwa pamoja "ahsanteni kwa kutusikiliza". Hapo hakuna aliyejifunza kitu.

Ila kinachofundisha sio video yenyewe. Kinachofundisha ni ile dakika mtoto anajiuliza sasa hii ntamwelezaje mtu asiyejua, anafungua daftari, anagundua kumbe na yeye hajui, anarudi kwenye kitabu. Hili walimu wamelijua zamani. Ujerumani kuna mwalimu wa Kifaransa anaitwa Jean-Pol Martin, miaka ya 80 alianza kuwagawia wanafunzi wake vipande vya somo wawafundishe wenzao, na mtindo wake ukaenea kwa walimu wengi kule. Alafu kwenye habari ya kamera yenyewe kuna watafiti wa Uholanzi, Vincent Hoogerheide na wenzake, mwaka 2014 walilinganisha wanafunzi waliosoma ili wafanye mtihani na wale waliosoma kisha wakaeleza mbele ya kamera, wanamweleza mtu ambaye hata hayupo pale. Walioeleza mbele ya kamera walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kupeleka maarifa sehemu mpya. 2016 wakajaribu tena, safari hii wakalinganisha na kuandika, na matokeo ndiyo yatakayomkereketa mkuu wako vizuri: kueleza kwa mdomo kwenye kamera kulisaidia, kumwandikia maelezo mtu asiyekuwepo hakukusaidia vile. Sasa angalia, kwenye majaribio yale ni mwanafunzi mmoja na kamera yake, sio kumi kwenye mstari. Kwahiyo ukitaka faida ile kila mtoto lazima apate zamu ya kufungua mdomo, hata kama ni mara moja tu kwa muhula.

Kwa watu 84 mimi ningefanya makundi 12 ya saba saba. Kila kundi lipewe swali moja dogo, dogo kweli, sio mada. "Mwendo" ni mada. "Kwanini jiwe kubwa na jiwe dogo vikiachiwa pamoja vinafika chini pamoja" hilo ndilo swali. Wakuletee kwanza skripti nusu ukurasa, na kanuni yako iwe moja tu, skripti isipopita hakuna kurekodi. Hapo ndipo kazi yako ya ualimu ilipo, utakuta wameandika "gravity ni nguvu inayovuta vitu chini kwasababu dunia ina sumaku" na utashukuru umekiona kabla ya NECTA hawajakiona. Skripti ikishapita wanaifunga. Kwenye kamera hakuna kusoma, mtu anaongea alivyoelewa, akikwama wanaanza upya.

Kwa kidato cha pili Fizikia unayo bahati kwasababu simu yako sio ya kurekodia tu, ni kifaa cha maabara. Fanya hivi. Chora na chaki ukutani mita 2 kutoka chini, weka alama kila sentimita 50. Mtoto mmoja asimame kwenye stuli aachie jiwe kutoka kwenye alama ya juu, mwingine arekodi huku simu imeegemezwa kwenye matofali isitikisike. Simu nyingi zinapiga fremu 30 kwa sekunde. Alafu peleka hiyo klipu kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, fungua na programu ya VLC ambayo ni ya bure, kila ukigonga herufi E kwenye kibodi picha inasogea fremu moja. Wahesabu fremu tangu jiwe limeachiwa mpaka limegusa chini. Watapata kama 19. Gawanya kwa 30 unapata sekunde 0.63 hivi, sasa chukua mara mbili ya urefu ugawe kwa muda kipeo cha pili, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) inakuja karibu na 10. Kundi lingine litahesabu 20 lipate 9, lingine 18 lipate 11 na ushee, na hapo ndio utamu unapoanza maana wataanza kubishana nani kakosea na utakuwa umeingia kwenye makosa ya vipimo bila kuandika kichwa cha habari ubaoni. Ila fanyeni nje kwenye mwanga, simu za bei yetu gizani zinapunguza fremu kimyakimya na hesabu zote zinaharibika.

Video iwe dakika mbili, isizidi tatu. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walipitia mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video za masomo kwenye edX, mtandao wa kozi za vyuo vikuu, wakakuta ikishafika dakika 6 watu wameshaanza kuchoka, na pale wanaofundisha ni maprofesa na wanaoangalia wamejiandikisha wenyewe kwa hiari. Sasa ya watoto wako nani ataangalia dakika kumi. Na usishindane na Ubongo Kids, wale wana wachoraji na studio, wewe una matofali.

Kuhusu mada kutokwisha: usirekodi ndani ya kipindi. Skripti ndio ifanyike darasani dakika 40 zile kwasababu ni marudio ya somo, kurekodi ni baada ya vipindi, kundi moja dakika kumi na tano linatosha, makundi mawili kwa siku, wiki na siku moja umemaliza. Kuangalia sio lazima darasa zima lione kila kitu, kama hamna projekta chagua mbili tatu zenye kosa zuri uzungushe hata kwa kundi kwa kundi. Mkuu akiuliza mwonyeshe skripti ya kwanza na ya mwisho ya kundi moja, usimwonyeshe video.

SWALI: Mwalimu habari. Niko Kitengela, nina watoto wawili, Gredi 3 na Gredi 6. Kila wiki ni video. Video ya kupiga mswaki, video ya kupanda sukuma wiki, video ya kufagia, alafu tunatuma kwa grupu ya WhatsApp ya darasa yenye wazazi na mayaya hata siwajui. Mimi hutoka job saa mbili usiku, mtoto ashalala, namwamsha avae yunifomu ashike ufagio ndio nirekodi. Bandos ni zangu. Nikikataa naambiwa mtoto atakosa alama. Kwani hii CBC, mtaala wetu wa umilisi Kenya, ilikuja kusomesha watoto ama sisi? — Mama Wawili

JIBU: Pole mama yangu, na nimecheka ile ya kumwamsha mtoto ashike ufagio saa tatu usiku, samahani.

Hiyo kazi unayoieleza sio video ya mwanafunzi, ni video ya mzazi ambayo mwanafunzi ameigiza ndani yake. CBC tangu ianze kujaribiwa 2017 imetaja umilisi saba na mmojawapo ni wa kidijitali, lakini ni mtoto ndiye anatakiwa kuupata, wewe ushaupata kwa nguvu. Mtoto wa Gredi 6 anaweza kushika simu mwenyewe, akaipeleka karibu na jani la sukuma wiki lenye matundu, akasema nani amelila, anajuaje, na wiki jana lilikuwaje. Hiyo hata ikiwa inatikisika na kuku anapita mbele ni kazi nzuri kuliko ile ya yunifomu safi. Wa Gredi 3 mwache aongee tu kwa voisi, sekunde 30, na hiyo haili bandos.

Sasa la grupu hapo sicheki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019 na inasema data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na lazima iwe kwa maslahi ya mtoto mwenyewe. Sio sheria ya kwenye kabati, Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Video ya mtoto akiwa na yunifomu inaonyesha sura yake, shule yake, na mara nyingi nyuma yake mlango wa nyumba yenu. Kwahiyo zungumza na mwalimu, sio kwenye grupu, kwa simu au nenda ukamwone, na nenda kwa upole maana mara nyingi na yeye ameambiwa tu akusanye ushahidi na hajui apeleke wapi. Mwambie video zako zitaenda inbox yake, zitaonyesha mikono na kazi bila sura, na uulize kama inawezekana warekodi shuleni mara moja kwa mada badala ya kila wiki nyumbani. Mwalimu mwenye watoto 50 darasani hawezi kuangalia video 50 kila wiki, muulize tu kwa utani ameziangalia ngapi. Wengi watafurahi umewapa sababu ya kuacha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu Tanga. Mwalimu wa Kemia ametupa kazi ya video kuhusu hardness of water na kila mmoja lazima aongee. Mimi naelewa somo lakini kamera inanitisha na Kiingereza changu wenzangu wanakicheka. Naomba ushauri hata kama utaniambia niache. — Mwenye Aibu

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache.

Kwanza nani kasema lazima sura yako iwemo? Mada yako ni maji, maji ndio yaonekane. Tafuta chupa mbili za plastiki zinazofanana, moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya kisima. Huko kwenu Tanga pwani mwamba wa chini ni wa matumbawe na chokaa, visima vingi vina maji magumu, kila mtu anayefua anajua. Katia kipande sawasawa cha sabuni ya mche kila chupa, funga, tikisa kwa muda sawa. Kamera ielekezwe kwenye chupa na mikono yako tu. Ya mvua itajaa povu, ya kisima itatoa utando mweupe na povu la kuombaomba. Hapo wewe unaongea nyuma ya kamera unaeleza ions za calcium na magnesium zimeikamata sabuni kabla haijafanya kazi. Ukiwa na nafasi chemsha yale ya kisima uyapoze urudie, povu likiongezeka una temporary hardness, na yale magamba yaliyoganda ndani ya birika la mama unayapiga picha kama ushahidi. Mtu anayetazama mikono na povu hana muda wa kucheka matamshi.

Kiingereza sasa. Rekodi kwanza kwa Kiswahili, mwenyewe tu, umweleze bibi yako kwanini anamaliza sabuni. Ukiona bibi ameelewa ujue kemia unayo. Alafu ndio uandike sentensi fupi fupi za Kiingereza, kumi hazizidi, urekodi sentensi moja moja. Uzuri wa kurekodi kuliko kusimama ubaoni ni kwamba ukikosea unafuta na hakuna aliyesikia. Na mwalimu wako akiwa anasoma hapa: mwalimu, kicheko cha darasani ni kazi yako wewe kukizima, sio ya huyu binti.

SWALI: Mwalimu nina tatizo la alama. Niko Morogoro, nimewapa vijana wa kidato cha tatu kazi ya video ya Jiografia kuhusu mmomonyoko wa udongo. Kundi moja lina kijana ambaye kaka yake ana studio, wakaleta video ya moto kweli, droni, muziki, maandishi yanaruka. Kundi lingine wamerekodi korongo nyuma ya shule kwa simu ya kuazima, upepo unavuma, lakini wamepima kina cha lile korongo kwa kijiti na wameeleza kwanini linapanuka. Wenzangu ofisini wote wanataka ile ya droni ipate A. — Mwalimu wa Jiografia, Morogoro

JIBU: Droni ipate pongezi, korongo lipate A. Kaka wa studio sio mwanafunzi wako.

Tatizo lilianza siku ulipotoa kazi bila kusema utaangalia nini, na walimu wengi ndio tunavyofanya, tunasema "tengenezeni video nzuri" alafu tunashangaa wameleta kitu kizuri cha macho. Kabla hawajashika simu andika ubaoni kwamba alama nyingi ziko kwenye maelezo kuwa sahihi na kwenye ushahidi walioukusanya wenyewe, chache kwenye kusikika vizuri, na kwenye muziki na maandishi ya kuruka sifuri. Sifuri kabisa, iandike namba yenyewe waione. Utaona wiki hiyo hiyo wanaacha kuhangaika na CapCut ya kuhariri video wanaanza kuhangaika na kitabu.

Alafu toa alama nyingine baada ya video kwa kumwita mtu mmoja mmoja wa kundi, sio yule waliyemchagua wao, umuulize swali moja ambalo halimo kwenye video. "Mngepanda nini kwenye kingo za hilo korongo na kwanini sio mahindi?" Huyo ndio atakuambia kama kundi lilifanya kazi au alifanya mmoja na sita wakashika jaketi. Dakika mbili kwa mtu zinatosha, na wakijua utafanya hivyo wanaobebwa wanaanza kujitembeza wenyewe. Majukumu nayo yazunguke, aliyeshika simu wiki hii wiki ijayo ndio anaandika skripti, maana nimeona shule ambazo wavulana ndio kamera na wasichana ndio kuandika mwaka mzima na hakuna aliyeliona hilo ni tatizo.

Ile ya upepo warudie sauti tu, picha ni nzuri. Waingie darasani wamalize kuongea wakaipachike juu ya picha, hata programu za bure za simu zinafanya hivyo.

SWALI: Hujambo mwalimu. Nasomesha Kiswahili sekondari Kilifi. Katika fasihi simulizi nimewatuma wanafunzi wakawarekodi bibi zao wakitamba ngano, na kazi walizoleta ni hazina, nyingine ni za Kigiriama na wameweka tafsiri chini. Nataka kufungua chaneli ya YouTube ya shule ili zisipotee. Wapo wanaosema nisifanye. Waonaje? — Mpenda Ngano

JIBU: Sijambo, na barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha.

Kabla ya YouTube niseme jambo la somo kwanza. Najua wanafunzi wako wameelekeza kamera kwa bibi tu, karibu wote hufanya hivyo. Lakini ngano ni utendaji, kuna fanani, yaani anayetamba, na kuna hadhira, na hadhira ndiyo inayoitikia, inayoimba kiitikio, inayocheka mapema kwasababu hadithi inaijua. Ukimrekodi bibi peke yake mbele ya simu utaona anaharakisha, nyimbo anazikata, hata mkono hautikisi. Tumeni tena, safari hii watoto wa jirani waitwe, simu moja imtazame bibi na nyingine iwatazame wasikilizaji, alafu mwanafunzi aweke zile klipu mbili pamoja na aeleze kwa sauti yake wapi fanani alibadilisha hadithi kwasababu hadhira ilifanya kitu fulani. Hapo ndipo video inafanya kazi ambayo kitabu cha fasihi hakiwezi kuifanya hata kiwe kinene vipi, maana kitabu kimeshaigandisha ngano. Ile ya kurekodi tu bila maelezo ya mwanafunzi ni uhifadhi, ni jambo jema, ila bado sio kazi ya darasa.

Chaneli sasa. Bibi alikubali kumtambia mjukuu wake mbele ya simu, hakukubali kuonwa Toronto. Rudini kwa kila mmoja, mwonyesheni video yake yote, mwelezeni kuwa watu asiowajua wataiona na huenda haitafutika tena, na jibu lake lirekodiwe kwa sauti kwa lugha yake. Atakayekataa iheshimiwe, yake ibaki kwenye hard disk ya shule. Na kama kuna mwanafunzi anataka kurekodi mambo ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, simameni hapo kwanza. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 lakini hilo halikuwapa watu ruhusa ya kupiga picha kila kitu, kuna sehemu na maneno ambayo wazee ndio waamuzi, muulize mzee wa kaya kabla ya kumtuma mtoto wa watu na simu.

Sura za wanafunzi walio chini ya miaka 18 zinahitaji idhini ya wazazi, na ichukueni kwa maandishi, nimeshaeleza sheria hapo juu kwa Mama Wawili. Ukiwa na wasiwasi YouTube inaruhusu kuweka video ambayo haitokei mtu akitafuta, anaiona mwenye linki tu. Anza na hiyo. Na chaneli iwe kwa akaunti ya shule, sio yako, ukihamishwa itabaki. Mwenzio mmoja alihamishwa na nywila akaondoka nayo, shule hadi leo inaitazama chaneli yake kama wageni.

Na haya ya haraka haraka:

Mkuu wa shule Mbeya anasema wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, akikubali hili si atakuwa amefungua mlango? Hapana mheshimiwa, nunueni simu moja au mbili za shule, zisiwe na laini, zisiwe na bando, zikae kabatini kwa mwalimu wa taaluma na daftari la kusaini kama mnavyofanya vitabu. Simu bila laini ni kamera. Klipu zinahamishwa kwa waya au Bluetooth. Na video za watoto zikishakaguliwa zifutwe au ziende kwenye hard disk, zisizagae kwenye simu za walimu, Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ilianza kazi Mei 2023, wakuu wengi niliowauliza hawajaisoma.

"Simu inajaa kila mara." Punguza ubora kwenye setingi uweke 720, dakika moja inakula mega 60 hivi, ukiacha kwenye 1080 inaweza kula mara mbili. Video ya darasani haiendi sinema. Na usiitume WhatsApp kama video inakuja na ukungu, itume kama dokumenti inafika ilivyo.

"Sauti haisikiki kabisa." Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko picha, mtu anavumilia picha mbaya, sauti mbaya havumilii. Tumia zile earphone za waya zenye kijiti cha kuongelea, kiwe karibu na kidevu, au simu ya pili ikae mfukoni mwa anayeongea inarekodi sauti tu. Mvua ikipiga bati ahirisheni, hakuna programu itakayokuokoa.

Baba mmoja wa Mwanza: "Mwanangu wa darasa la sita amefanya video moja ya sayansi sasa anataka kuwa YouTuber na shule hataki." Baba, YouTube na TikTok zenyewe zinataka mtu awe na miaka 13 kuwa na akaunti, hilo limekwisha. Ila usimzime, mwambie kila wiki akutengenezee wewe video moja ya alichosoma, na wewe uwe mtazamaji wake msumbufu, uulize maswali. Akikosa majibu atarudi kwenye daftari mwenyewe.

Mwanafunzi wa Dodoma anauliza wakikosea katikati ya kurekodi wakate au waache. Kosa la ulimi kateni. Kosa la somo liacheni, mmoja wenu aingie kwenye picha aseme "subiri, hapo umesema uzito badala ya masi" na mrekebishane hapohapo kamera ikiwa inaenda. Mimi nikisahihisha hizo ndizo naziangalia mara ya pili.